Njia ya Kwenda Sakafuni

Ninyi vijana mliponiomba niwaandikie kuhusu kazi ya kutunza wazee, mlisema liwe jambo la kutia moyo. Ningekuwa ninyi ningemwomba mtu mwingine. Wapo wengi hapa Lewisham, Landani, waliostaafu kwa furaha, au wanaosema hivyo wakiwa kanisani. Mimi nimestaafu na magoti mabovu, mgongo unaotaka kubembelezwa kila asubuhi kabla haujakubali kunyooka, na hasira ambayo nilidhani itaisha nikianza kupumzika. Sasa napumzika, na hasira ndiyo kwanza imepata muda wa kukaa na mimi.

Nitaandika hata hivyo, kwa sababu ya jambo lililotokea juzi. Binti yangu Upendo aliniandikisha kwenye darasa la wazee katika ukumbi wa mtaa, bila kuniuliza. Kuna dada mmoja wa Kizungu, suruali pana, sauti laini, anayewafundisha wazee kuinua mikono polepole kwa mtindo wa Kichina. Anasema hiyo ni hekima ya Tao. Tuwe maji, anasema, tusishindane na uzee, tuache mambo yaende yenyewe. Wenzangu wakafumba macho wakaacha mambo yaende. Mimi nikachukua koti langu nikatoka. Upendo alinifuata mpaka kituo cha basi akaniambia, "Mum, that was so rude," yaani nimekosa adabu. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba maji hayo nayajua, na najua yalikompeleka mtu mmoja. Hakuelewa, na barabarani pale sikuwa na nguvu ya kueleza.

Basi naeleza hapa. Wengi wenu mnaingia kazi hii sasa, wengine na digrii mlizozifungia kwenye sanduku. Msione aibu. Mimi kwetu Korogwe nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikaja Landani miaka ya tisini mwanzoni nikawa mtu wa kuwavalisha soksi baba za watu.

Mafunzo tuliyopewa yalikuwa na mwanasesere wa plastiki amelazwa kitandani. Tulimgeuza, tukamwosha, tukamvalisha. Hakuwahi kukataa kuoga, hakutupiga kofi, hakulia akimtaja mke aliyekufa. Tulifaulu wote. Wiki iliyofuata nikapelekwa kwa watu wenye uhai, na huko ndiko nilikogundua kwamba sijui kitu.

Mzee Lim ndiye aliyenifundisha. Alikuwa Mchina wa Penang, kule Malaysia. Ujana wake alipika kwenye meli, utu uzima wake akapika kwenye mikahawa ya hapa mjini, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka na kiharusi kikaja kuuchukua mkono wa kushoto na sehemu ya mguu. Mkewe alishatangulia. Aliishi Thamesmead, ghorofa ya tatu, kwenye yale majengo ya saruji, na dirisha lake lilitazama ziwa lenye mabata bukini. Ukutani alikuwa na kishubaka chekundu cha ibada chenye machungwa na kijiti cha ubani. Mimi nilimwita Mzee, yeye aliniita Sista. Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vinachechemea, kwa hiyo tulielewana vizuri sana.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa na haraka. Kampuni ilitupa robo saa kwa kila mzee, na baada yake nilikuwa na bibi mmoja upande wa pili wa mtaa. Nikaushika ule mkono uliokauka nikauvuta niuingize kwenye shati. Hakupiga kelele. Alinishika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima akaniuliza, "Unapigana na nani?"

Nikamwambia sipigani, namvalisha.

"Mkono unadhani unapigana," akasema. Kisha akanionyesha. Unaushika kwa chini, kwenye kiwiko, bila kubana. Unangoja. Mtu akivuta pumzi, mkono unakaza. Akiitoa, mkono unalegea kidogo, na hapo ndipo unapousogeza. Pumzi nyingine, kidogo tena. Mkono mbovu unaingia wa kwanza kwenye nguo na unatoka wa mwisho. Hayo yaandikeni popote mnapoandika mambo yenu, kwa sababu nimeona watu wenye vyeti wakivunja mabega ya wazee kwa kutokujua.

Alikuwa na neno la kwao, wuwei. Alisema watu hulitafsiri vibaya wakadhani ni uvivu. Maana yake ni kutenda bila kulazimisha. Na Tao yenyewe, alisema, ni njia tu. "Watu wanaiweka juu sana. Ni njia, Sista. Kama hii ya kwenda chooni." Nikacheka mpaka nikakaa kitandani kwake, jambo ambalo kampuni ilikuwa imelikataza.

Basi nikaanza kufanya kazi kwa wuwei. Siku ambayo hakutaka kuoga sikumbembeleza wala kumtishia. Nilifungulia maji ya moto, nikaacha mlango wazi, nikaanza kusugua sinki nikiimba nyimbo zangu za kwaya. Mvuke ukimfikia, alikuja mwenyewe, akilalamika kwamba naimba vibaya. Mikono ilipotetemeka hakushindana nayo. Alijaza kikombe nusu, akasema nusu nyingine ni ya mkono. Siku hizi mimi nami najaza nusu, na Upendo akiniona anadhani nabana matumizi.

Kosa langu kubwa pale lilikuwa la uji. Alisema asubuhi anakula uji wa mchele. Nikafurahi, nikasema hilo nalijua, hata Uchina wana akili. Nikanunua tui la kopo, nikaupika kama anavyopikiwa mzazi kwetu, sukari ya kutosha na iliki juu. Aliula wote, kijiko kwa kijiko, uso umetulia. Alipomaliza akaniuliza, "Leo ni sikukuu ya nani?" Kumbe kwao uji wa mchele unaliwa na chumvi na mboga za kuchachusha na vipande vya samaki. Kwa siku kadhaa baadaye, kila nikiingia, alikuwa akinitakia heri ya sikukuu.

Ninayoyasema ni mazuri, na yalikuwa mazuri kweli. Lakini lipo jambo ambalo yule dada wa suruali pana hatawaambia. Kutolazimisha kunahitaji muda, na muda ulikuwa mali ya kampuni. Kila pumzi niliyoingoja kwa Mzee Lim niliifidia kwa kukimbia. Nilikimbia kwenye ngazi lifti ilipoharibika, na iliharibika mara nyingi. Nilikimbia kwenye zile njia za juu za saruji zinazounganisha majengo, kwenye upepo unaoingia mpaka kwenye meno. Utulivu wake ulitoka kwenye magoti yangu. Nikiyasikia leo yakilia ninapopanda ngazi, najua ni ya nani. Simlaumu yeye. Nawalaumu waliopanga robo saa, ambao hawakuwahi hata siku moja kumvalisha mtu shati.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Mzee Lim alikuwa na ombi moja tu katika maisha yake yaliyobaki. Alitaka kufia pale pale, mbele ya kishubaka chake na ziwa lake. Alikuwa na binti mmoja, Susan, aliyefanya kazi ofisi moja mjini na kuishi mbali, kaskazini. Susan hakuwa mtu mbaya. Alimpigia baba yake simu kila jioni. Lakini kabla mimi sijaja, Mzee alikuwa ameanguka bafuni akalala pale kutwa nzima mpaka jirani alipomsikia, na hofu ya siku hiyo haikumtoka Susan tena. Akamwekea baba yake sharti: akianguka tena, hata mara moja, anakwenda nyumba ya wazee. Mzee akakubali.

Kwa hiyo mzee yule alifanya jambo ambalo sijaona mtu mwingine akilifanya. Kila asubuhi, baada ya kuinua mikono yake polepole dirishani, mbovu ukibebwa na mzima, alijizoeza kwenda sakafuni. Aliniambia kwamba mtoto mchanga anaishi sakafuni na hana habari. Mzee anaiogopa sakafu, anakaa mbali nayo miaka na miaka, na siku anapofika huko kwa bahati mbaya anakuwa mgeni; hajui ashike wapi, hajui mlango wa kutokea uko upande gani. "Wengi hawauawi na kuanguka," alisema. "Wanauawa na kukaza mwili wakati wa kuanguka, halafu na kushindwa kuinuka."

Alishuka hivi. Mkono mzima juu ya kiti kizito. Mguu mbovu unarudi nyuma. Anatoa pumzi, goti linagusa zulia. Halafu nyonga, halafu ubavu, halafu analala kabisa, anatazama dari kwa raha ya mtu aliye ufukweni. Kupanda ilikuwa kazi zaidi: anageukia ubavu, anasukuma kwa kiwiko, anapiga magoti, mkono kwenye kiti, pumzi, juu. Mimi nilisimama karibu, viganja wazi, bila kumgusa. Mara ya kwanza nilitokwa jasho. Sheria ya kampuni ilikuwa mteja asiwe sakafuni kwa sababu yoyote. Ofisini sikusema kitu. Ningesema wangekataza, na mpaka leo sioni haya kwa kunyamaza kwangu.

Alikuwa anapata nguvu. Niliona kwa macho yangu. Alianza na kushuka nusu, akafika zulia, na mwishowe aliweza kushuka na kuinuka huku akinisimulia habari za nahodha mmoja aliyependa kasa. Nilikuwa na hakika kwamba mtu huyu atafia nyumbani kwake kama alivyotaka.

Asubuhi moja alishuka vizuri kabisa, lakini alipokuwa analala kiwiko kikakwaruza ukingo wa kiti. Ngozi ya wazee mnaijua, ni ganda la kitunguu. Damu ikatoka ikaloanisha mkono wa shati. Nikapiga magoti pembeni yake, nikabana kile kidonda kwa kitambaa, nikawa nasema, "Sori, Mzee. Sori sana. Sori."

Ninyi mnanielewa. Mtu akijikwaa mbele yako unasema nini? Akiungua na sufuria, akifiwa, akichoka na safari, akibeba mzigo mzito ukapishana naye njiani, unasema pole. Maana yake si kwamba wewe ndiye uliyemsukuma. Maana yake nimeyaona maumivu yako na sitapita kana kwamba sijayaona. Nami kwa Kiingereza changu cha darasani, pole yangu ilikuwa sori. Sote tunafanya hivyo. Mpaka leo mkipanda treni mkamsikia mtu anamwambia sori mwenzake aliyeangusha mfuko wake mwenyewe, geukeni. Ni mtu wa kwetu.

Mlango ukafunguliwa. Susan alikuwa na ufunguo wake, amechukua likizo, amekuja na machungwa bila kutoa taarifa ili amfurahishe baba yake. Alichokiona ni baba yake amelala sakafuni, damu kwenye shati, na mwanamke Mwafrika amemwinamia akiomba msamaha.

"Umemfanya nini?" akauliza.

"Sijamfanya kitu. Amejikwaruza."

"Mbona unaomba radhi?"

Jibu lilikuwapo, ila lilikuwa kwa Kiswahili, na kabla sijamaliza kulifasiri lingekuwa limechelewa. Mzee Lim ndiye aliyejibu, kutoka pale chini, ametulia kabisa. "Sijaanguka," akasema. "Nimeshuka."

Susan akaanza kulia. "Baba," akamwambia, "uko sakafuni."

Alipiga simu kampuni kabla sijamaliza kufunga bendeji. Mzee aliinuka mwenyewe, kwa utaratibu wake wote, goti, kiwiko, pumzi, lakini Susan alikuwa amegeukia dirishani na simu sikioni, hakuona. Mchana wake nilisimamishwa kazi.

Baada ya siku chache niliitwa ofisini. Ilikuwa juu ya duka la mazulia, hapa hapa Lewisham. Alikuwapo meneja, na pembeni yake alikaa Joyce kuandika yatakayosemwa. Joyce alikuwa mpangaji wetu wa zamu, Mkenya wa Nakuru. Tulikuwa tunapikiana sikukuu zikifika, watoto wetu wanacheza pamoja. Nilipomwona nilishusha pumzi. Nikajiambia, hapa nina mtu.

Meneja akauliza kama ni kweli nilisema sori. Nikasema ni kweli. Akauliza kama nililirudia. Nikasema nililirudia, kwa sababu damu ilikuwa bado inatoka. Akainua nyusi. Nikamweleza habari ya pole. Nilimweleza kwa subira niliyokuwa nayo nilipofundisha darasa la kwanza. Akasikiliza, akasema anauheshimu sana utamaduni wangu, lakini mbele ya familia, neno sori ni kukiri. Akaongeza kwamba mteja mwenyewe alisema ameshuka, kwa makusudi, na hilo linaonyesha kwamba akili yake imeanza kuyumba. Hapo kitumbua kilikuwa kimeshaingia mchanga, ila mimi sikuwa nimeona.

Nikasema, "Muulize Joyce. Joyce anajua Kiswahili. Muulize pole ni nini."

Meneja akamgeukia. Joyce hakuinua uso. Alisema, kwa Kiingereza kizuri kilichonyooka, kwamba yeye yuko pale kuandika tu.

Niliondoka nikausahau mwavuli wangu. Joyce alinifuata nao mpaka kituo cha basi. Alisimama mbele yangu ameushika kwa mikono miwili.

"Mama Upendo, usinikasirikie," akasema. "Wewe mwenyewe unajua vile hii kazi iko. Makaratasi yangu ya kuishi hapa bado iko Home Office, na huyu mtu ndiye ananisimamia. Ningesema nini?"

"Ungesema pole ni nini."

"Wangesema tunasaidiana. Wangetufuta kazi sisi wote."

Mvua ilikuwa inaanza. Akanipa mwavuli, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mama."

Nikamuuliza, "Hiyo ni pole, au ni sori?"

Alitazama barabara. Basi lake lilikuwa linakuja, akapanda. Tulifanya kazi kampuni moja miaka mingi baada ya hapo na hatukupikiana tena. Makaratasi yake yalikuja kutoka. Niliambiwa, sikuambiwa na yeye.

Hawakunifukuza. Nilipewa onyo, nikaondolewa Thamesmead, nikapelekwa kwenye mafunzo ya namna ya kusema na wateja. Tulifundishwa kwamba mtu akiumia usiseme sori, umuulize kama yuko sawa. Nikafanya hivyo. Kwa muda mrefu nilisimama mbele ya watu wanaoumia, damu, mikojo, machozi, nikawauliza kama wako sawa, na mtu ambaye hayuko sawa akiulizwa hivyo anasema ndiyo, yuko sawa. Nilijisikia mjinga. Baadaye nikapata ufumbuzi, na huu nawapa bure: semeni pole kwa Kiswahili. Semeni pole bibi, pole sana. Hawatajua maana yake, na kisichojulikana maana hakiwezi kupelekwa kwa meneja. Ila sauti wanaielewa. Bibi mmoja wa Catford alidhani ndilo jina langu, akaniita Pole mpaka alipokufa.

Kabla Mzee Lim hajahamishwa nilikwenda kumwona, siku yangu ya mapumziko, kwa nauli yangu. Nilikatazwa, nikaenda. Nilimkuta anafunga vitu vyake. Nikamwambia akatae. Nikamwambia nyumba ni yake, akili anazo, ana haki, awaite watu wa halmashauri, ashuke na kupanda mbele yao waone.

"Sista," akasema, "usivute."

Nikamwambia safari hii nitavuta.

Akakaa. Akaeleza kwamba Susan halali. Kila simu ikilia ofisini anadhani ni habari ya baba yake. "Nikishinda," akasema, "nitabaki na nyumba. Mtoto atabaki na hofu. Mimi nitakufa, hofu itabaki naye." Kwa hiyo ameamua kufuata mkondo, maji hayagombani na jiwe, yanapita pembeni.

Nilikasirika. Nawaambia ukweli, nilimkasirikia mzee wa watu mwenye mkono mmoja. Nilimwambia kwamba mafundisho yake ni mazuri kwa shati na kwa bafu, lakini ofisi haipumui. Unaweza kuingoja mpaka kesho, haitoi pumzi, hailegei hata kidogo. Ukiiachia inachukua. Nikamwambia kwamba sisi watu wa kazi za chini tumeambiwa tuwe maji tangu tuzaliwe, na hatujawahi kuona wanaotuambia wakiwa maji.

Aliweka shati magotini. Halafu akasema kwamba hilo hakuwahi kulifikiria. Kisha akaendelea kukunja mashati, na mimi nikamsaidia, kwa sababu mkono mmoja haukunji shati.

Nimefikiri tangu wakati huo ni nani aliyekuwa na haki kati yetu. Kuna siku nasema ni yeye; alimchagua mwanawe, na mimi nina mtoto, najua. Siku nyingi nasema ni mimi. Ninyi mtaamua wenyewe mtakapofika huko, lakini msikubali mtu asiye na maumivu ya mgongo awafundishe kuachilia.

Nilikwenda kumwona mara moja tu kwenye ile nyumba ya wazee. Ilikuwa nyumba safi. Walimkatalia kishubaka kwa sababu ya moshi wa ubani, na machungwa yake wakayaweka kwenye bakuli la wote. Viti vilipangwa kuzunguka televisheni. Chake kilikuwa kirefu kwa nyuma na kimeinama, kile ambacho ukiingia hutoki, na mbele yake waliegesha meza ndogo yenye juisi. Miguu yake ilikuwa imekonda kwenye soksi. Nywele walimchana upande ambao hakuwa anachana.

Alinitambua. Nilikaa karibu naye, tukatazama pamoja mashindano ya kuoka keki. Watu walipoacha kututazama nikasogeza ile meza, nikamwinamia, nikamwambia, "Mzee, twende chini kidogo?" Nilikuwa tayari kumshika kweli siku hiyo, kampuni na sheria zake zikae huko huko.

Aliliangalia zulia. Aliliangalia muda mrefu, akitoa pumzi na kuvuta, na mkono wake mzima ukasogea kwenye ukingo wa kiti ukaishia hapo.

"Mbali," akasema.

Mfanyakazi mmoja akaja kutoka upande wa jikoni. Alikuwa binti wa umri wenu, nywele kazisuka vizuri, na alipoliona jina langu kwenye beji ya wageni uso ukamng'aa. Akapiga goti kidogo akasema, "Shikamoo, mama." Nikaitikia. Alikuwa Mtanzania, na alikuwa na mikono ya upole. Alimfuta Mzee midomo bila kumsugua, akairudisha ile meza mahali pake, akaisukuma mpaka ikamgusa tumbo. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, babu hana usumbufu wowote, tangu aje pale hajaanguka hata mara moja.

Nikamuuliza, "Na kusimama je? Anasimama mara ngapi?"

Alinitazama kwa heshima zote, akijaribu kuelewa swali.

"Asimame aende wapi, mama?"